Msindikize Hadi Mlangoni: Mwongozo wa Afya ya Akili ya Wanafunzi kwa Wafanyakazi wa Vyuo Vikuu Nairobi

Miaka kadhaa iliyopita msichana wa mwaka wa pili alikuja ofisini kwangu kuuliza kuhusu alama zake zilizopotea. Tulipokuwa tukizitafuta akaanza kulia. Nilifanya nilichodhani ni sahihi: nikamsikiliza, nikamwandikia nambari ya chumba cha ushauri nasaha kwenye kikaratasi, nikamwambia aende. "Asante, Mwalimu," akasema. Wiki tatu baadaye mwenzake wa chumba akaniambia alikuwa amerudi kwao. Alikwenda kule mara moja, akakuta mlango umefungwa kwa ajili ya chakula cha mchana na benchi la kungojea limeelekezana na foleni ya watu wa karo. Wanadarasa wenzake wawili walikuwa kwenye foleni hiyo. Akageuka.

Kutoka mlangoni kwangu hadi kwenye benchi lile ni kama mita 200. Kwetu mgeni akiaga husindikizwa, hata kama njia anaijua. Mimi nilimwonyesha njia kwa kidole.

Mwongozo huu ni wa mhadhiri, karani wa masijala, mkutubi, mtunza hosteli, muuguzi wa zahanati ya chuo na askari wa lango. Huhitaji kusomea saikolojia ili kuutumia. Tiba ina wenyewe. Yetu ni kuona mapema, kuuliza bila kuzunguka, kisha kumfikisha kijana kwa anayeweza kumtibu.

Hatua ya 1: Ijue njia kabla hujaihitaji

Kabla ya wiki ya kwanza ya muhula, nenda kwa miguu yako hadi kitengo cha ushauri nasaha cha chuo chako. Angalia saa za kufunguliwa, zikiwemo zile zisizoandikwa mlangoni. Uliza mwanafunzi asiye na miadi hupokewaje, na anayepewa miadi hungoja siku ngapi. Uliza kama kuna mshauri wa kike na wa kiume, na kama kuna anayejua lugha nyingine. Mtoto aliyetoka Mandera au Lodwar miezi miwili iliyopita huenda asiweze kulia kwa Kiingereza. Uliza pia nani hupokea simu saa nane za usiku, maana mambo haya hayangoji saa za kazi.

Kisha hifadhi nambari hizi kwenye simu yako: zahanati ya chuo, meza ya usalama, na Mkuu wa Masuala ya Wanafunzi. Za nje ya chuo ni 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya kwa msaada wa kisaikolojia, 0722 178 177 ya Befrienders Kenya kwa anayefikiria kujiua, 1192 ya NACADA kwa pombe na dawa za kulevya, na 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Zipige wewe mwenyewe siku ya utulivu uone zinavyopokelewa. Nambari ambayo hujaijaribu usimpe mtu aliye ukingoni.

Jua pia hospitali. Mathari, kwenye Barabara ya Thika, imekuwapo tangu 1910 na ndiyo hospitali kuu ya taifa ya magonjwa ya akili. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta nayo ina idara ya afya ya akili. Jina la Mathari limefanywa mzaha na matusi mitaani kwa miaka mingi, na mwanafunzi akilisikia anaweza kushtuka. Mwambie watu wengi huenda pale asubuhi, wakaonana na daktari, wakachukua dawa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Tazama mabadiliko, usingoje machozi

Anayelia mbele yako amekurahisishia kazi. Wengi hawalii. Anayestahili kutazamwa ni yule aliyekuwa akikaa mstari wa mbele akahamia nyuma karibu na mlango, kisha akatoweka. Ni yule aliyekuwa mtanashati akaanza kuvaa jaketi moja wiki nzima, na yule anayekutumia kazi ya darasa saa kumi usiku, kila mara. Mara nyingi ugonjwa wa akili hubisha hodi mwilini kwanza: kichwa hakiishi kuuma, usingizi hauji, kifua kinabana, na lile neno letu la Nairobi la kufunikia kila kitu, "nina ulsa". Muuguzi wa zahanati akimwona kijana mmoja mara tatu kwa mwezi kwa ajili ya tumbo, amuulize pia anavyolala na anavyokula.

Sikiliza maneno madogo. "Niko tu." "Tunasukuma." Haya husemwa na kila mtu jijini, na peke yake hayana maana kubwa. Ila yakisemwa na mtu ambaye zamani alikuwa na mengi ya kusema, yashike. Na haya usiyapite hata siku moja: "Nimechoka na maisha," "Ninawalemea watu," "Hamtasumbuka na mimi tena." Vivyo hivyo anayegawa vitu vyake, au anayeaga kwa namna isiyolingana na safari yake.

Kalenda nayo inasema. Katika vyuo vyetu wiki ngumu zinatabirika: ya nne hadi ya sita, wakati mgeni wa mwaka wa kwanza anapogundua kuwa alama za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, zilizomfanya shujaa wa kijiji hapa ni za kawaida, wiki ambazo pesa za HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, zimechelewa na mwenye nyumba wa Kahawa Wendani au Ngara hajui HELB ni nani, wiki moja kabla ya mtihani, kadi za mtihani zinapozuiwa kwa ajili ya karo, na siku matokeo yanapotoka. Mimi huziandika kwenye shajara kama ninavyoandika mikutano ya idara.

Kipimo rahisi ni wiki mbili. Huzuni, kukosa hamu au kukosa usingizi kukiendelea karibu kila siku kwa muda huo na kumzuia mtu kusoma, kula au kuonana na wenzake, apelekwe kwa mtaalamu. Akitaja kifo, usihesabu siku. Shirika la Afya Duniani linaorodhesha kujiua miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29, na huo ndio umri wa darasa lako zima.

Hatua ya 3: Fungua mazungumzo

Usimwite mbele ya darasa. Usimtume kiongozi wa darasa amtangaze kwenye kundi la WhatsApp. Mwandikie mwenyewe, kwa ufupi, bila neno "tatizo" wala "nidhamu":

"Habari, Achieng. Sijakuona darasani Jumanne mbili. Hakuna kosa, nilitaka tu kujua unaendeleaje. Nipo ofisini kesho saa nne hadi saa sita, au niambie saa inayokufaa."

Mwanafunzi akiandikiwa na mhadhiri, jambo la kwanza analowaza ni kwamba amekamatwa na kosa. Ndiyo maana maneno "hakuna kosa" yanatangulia.

Mahali pa kukutania pana uzito wake, hasa mhadhiri akiwa mwanamume na mwanafunzi msichana. Vyuoni mwetu kuna visa vya wahadhiri waliotumia huruma kama chambo, na wanafunzi wanavijua. Kutaneni mchana, ofisini mlango ukiwa wazi kiasi au penye kioo, au kwenye benchi bustanini ambako watu wanawaona lakini hawawasikii. Usikutane naye mkahawani mtaani wala usimchukue kwa gari jioni, hata nia yako ikiwa safi kama maji ya mtungi.

Anza na ulichokiona, si unachokidhani. "Nimeona umekonda na huji darasani" ni afadhali kuliko "nadhani una msongo wa mawazo". Kisha nyamaza. Ukimya wa sekunde 10 ofisini ni mrefu kama foleni ya benki mwisho wa mwezi, lakini usiuvunje. Mara nyingi jibu la kweli hutokea humo. Akichanganya Kiswahili, Sheng na lugha ya nyumbani, mfuate aendako.

Sasa yale tunayoyasema kwa nia njema yakaharibu. "Jikaze, wewe ni mwanamume." "Sisi tulisoma kwa koroboi na hatukulia." "Kuna wenzako hawana hata karo." "Omba tu, yatapita." Hili la mwisho lataka uangalifu, kwani wengi wa wanafunzi wetu ni watu wa dini na swala huwapa nguvu kwelikweli. Akitaka kumwona kasisi wa chuo, imamu au mchungaji wake, mpe njia. Shida ni lile neno "tu", linalofanya daktari aonekane upungufu wa imani.

Hatua ya 4: Uliza kuhusu kujiua, kwa jina lake

Hapa ndipo wengi wetu tunapokimbia. Tunaogopa kwamba tukiuliza tutampandia wazo. Utafiti wa miaka mingi umeonyesha kuwa kuuliza hakumpandii mtu wazo la kujiua. Mara nyingi humpa nafasi ya kuutua mzigo aliokuwa akiubeba peke yake. Uliza kwa sauti ya kawaida, unavyomuuliza mtu kama ana homa:

"Watu wakibanwa namna hii, wakati mwingine hufikiria kujiua. Wewe umefikiria hivyo?"

Usiulize, "Huwezi kufikiria ujinga kama huo, sivyo?" Hapo umeshamjibia.

Akisema ndiyo, usishtuke usoni na usianze mahubiri. Mwambie, "Asante kwa kuniambia." Kisha uliza mambo matatu: amefikiria atafanyaje, kitu cha kufanyia anacho, na amepanga kufanya lini. Kadiri majibu yanavyokuwa kamili ndivyo hatari ilivyo karibu. Mwenye njia, kifaa na siku asiachwe peke yake; hata akienda msalani, awepo mtu wa kumngoja nje.

Kwa huyo, fanya hivi papo hapo. Kaa naye. Mwombe mwenzako apige simu kwa zahanati ya chuo na kitengo cha ushauri, nawe usiondoe macho kwake. Kama kuna dawa au sumu ya panya chumbani, mwombe ruhusa, kisha mtunza hosteli aende na rafiki wa mwanafunzi huyo kuviondoa. Kumtenga mtu na kifaa kwa saa chache huokoa maisha, kwa kuwa wimbi kali la kutaka kufa mara nyingi hupita. Kama chuo kina gari la wagonjwa, liitwe. Kama hakina, mtu mzima afuatane naye hadi hospitalini. Asipandishwe boda peke yake, wala matatu. Akiwa tayari amekunywa kitu au amejijeruhi, aende kitengo cha dharura mara moja hata kama anasema anajisikia nafuu. Baadhi ya sumu na dawa hudanganya kwa saa nyingi kabla ya kuharibu ini au figo.

Wanafunzi na wazazi bado huogopa polisi. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba. Askari wa chuo anayemtisha kijana kuwa "utafungwa" anamtisha kwa kifungu kilichokwisha kutupwa na mahakama, na aelezwe hivyo.

Hatua ya 5: Msindikize

Kwa wasio katika hatari ya papo hapo, safari ni hii. Mwambie unachopendekeza na kwa nini: "Kuna mshauri anaitwa fulani, hupokea wanafunzi, hawaandiki chochote kwenye faili lako la masomo. Ungependa twende pamoja sasa, au kesho asubuhi?" Kabla ya kusema hayo kuhusu faili, hakikisha ni kweli chuoni kwako. Mpe chaguo la saa, si la kwenda au kutokwenda.

Piga simu mbele yake. Akisikia ukisema "nina mwanafunzi hapa, tunakuja baada ya dakika kumi", mlango umeshafunguka nusu. Tembea naye, na njiani zungumza habari nyingine kabisa, mvua au mpira wa Gor Mahia, ili asionekane kama mshtakiwa anayepelekwa. Mtambulishe kwa mshauri, kisha ondoka. Usiingie ndani isipokuwa akikuomba.

Siku mbili baadaye mtumie ujumbe. Sentensi moja inatosha. Baada ya wiki mbili tuma mwingine. Ukiona kimya, usidhani amepona.

Akihitaji daktari, suala la pesa litakuja haraka. Muulize kama amesajiliwa SHA, bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, yeye mwenyewe au chini ya mzazi. Mwanafunzi anayesema "nitaenda wiki ijayo" mara nyingi anamaanisha hana nauli.

Kisa cha ubakaji au kupigwa kina saa yake. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI huanzishwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Aende hospitali kabla ya kuoga na kabla ya kufua nguo. Kwanza 1195 na daktari, maelezo ya chuo yatafuata. Wala usimuulize alikuwa amevaa nini.

Hatua ya 6: Ondoa mizigo ambayo chuo chenyewe kimemtwika

Nitasema wazi: sehemu kubwa ya tunachokiita shida za afya ya akili vyuoni mwetu hupita kwanza kwenye dirisha la karo na kwenye ofisi za idara. Mshauri nasaha hawezi kumtibu mtu wasiwasi wa alama ambazo mhadhiri hajaziwasilisha tangu mwaka juzi. Anayeweza kuutibu ni huyo mhadhiri, kwa alasiri moja ya kufungua bahasha.

Kwa hiyo mhadhiri, wasilisha alama kwa wakati, na ukiulizwa kuhusu zilizopotea jibu ndani ya wiki, hata kama jibu ni "bado natafuta". Kinachommaliza mwanafunzi ni kuzungushwa: idara inamtuma kitivo, kitivo masijala, masijala idara. Karani anayeinua simu na kumuuliza mwenzake badala ya kumtuma kijana ghorofa ya nne amefanya kazi ya afya ya akili, ingawa haimo kwenye barua yake ya ajira.

Mweleze tofauti ya mtihani maalumu na sapu, yaani mtihani wa kurudia, kwa sababu wengi huijua wakiwa wamechelewa. Katika vyuo vingi, mwenye sababu iliyokubaliwa, ugonjwa wa akili ukiwemo, hufanya mtihani maalumu na alama zake huhesabiwa zote. Asiyetoa taarifa huhesabiwa ameanguka, hufanya sapu, na alama hukomea ile ya kupita. Kinachowatenganisha wawili hawa ni barua ya daktari iliyofika ofisini kabla ya mtihani au siku chache baada yake. Msaidie kuiandika. Barua haihitaji kutaja ugonjwa. "Yuko chini ya matibabu na hawezi kufanya mtihani kwa sasa" yatosha mahali pengi.

Kuahirisha masomo ni njia halali, lakini usiikimbilie. Kuna wanaopona wakirudi kwa mama yao, na kuna ambao nyumbani ndiko chanzo cha ugonjwa. Uliza kwanza atakaa wapi na nani. Na kabla hajatia sahihi, aulizie HELB na hosteli, asije akarudi akute chumba kimekwenda na mkopo umesimama.

Mwaka ambao kalenda imevurugika, kama ulivyovurugwa na mgomo wa wahadhiri mwishoni mwa 2025, muhula hubanwa na mitihani hurundikana. Hapo wakuu wa idara wakae pamoja waone ratiba, ili darasa moja lisifanye majaribio manne siku moja. Ni mkutano wa nusu saa, bila chai.

Njaa pia iulizwe. "Umekula leo?" ni swali la heshima kwetu, halimdhalilishi mtu. Baadhi ya vyuo vina kazi za muda za wanafunzi au mifuko ya dharura. Jua kama chako kinao. Uliza na kuhusu kubeti. Aliyeweka karo kwenye Aviator, mchezo wa kamari wa simu, haji kusema; huja akisema tu mzazi hajatuma pesa.

Hatua ya 7: Siri

Usiahidi siri kamili. Sema mwanzoni: "Nitakayoyasikia sitayatangaza. Ila nikiona maisha yako yamo hatarini, nitamhusisha mtu wa kusaidia, na nitakuambia kabla." Mtu wa miaka 18 ni mtu mzima, mzazi haambiwi bila ruhusa yake isipokuwa uhai uko hatarini, na hata hapo muulize ni ndugu yupi anayemwamini. Mara nyingi ni shangazi au kaka mkubwa.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Kundi la WhatsApp la wahadhiri wa idara si mahali pa kuandika jina la mgonjwa, hata kwa kuombea.

Hatua ya 8: Wafunze wanaoona kabla yako

Mama anayesafisha hosteli anajua nani hajatoka kitandani siku tatu. Askari wa lango anajua nani hurudi alfajiri peke yake. Mpishi wa mesi anajua nani amehama kutoka chapati madondo hadi chai kavu. Hawa ndio wenye macho, na ndio tusiowaalika kwenye warsha zetu za hotelini.

Wape saa mbili, kwa Kiswahili, wakati wa zamu zao za mchana. Wafunze mambo mawili: kuuliza "Kijana wangu, uko sawa kweli?" na kujua nambari moja ya kupiga. Nambari hiyo ichapishwe nyuma ya kitambulisho cha kazi. Wahakikishie kwamba wakiripoti hawatalaumiwa, kwa maana mfanyakazi wa kandarasi huogopa kuitwa shahidi kuliko anavyoogopa kazi yenyewe.

Hatua ya 9: Ikitokea msiba

Mwanafunzi akijiua, darasa liambiwe na mtu wanayemjua, ana kwa ana, siku hiyohiyo ikiwezekana, kwa maneno ambayo familia imeyakubali. Njia aliyoitumia isielezwe. Barua yake isisambazwe, na anayepiga picha za chumba azuiwe. Usimkashifu marehemu, na usimpambe kana kwamba kifo ndicho kilichompa amani. Kuna anayesikiliza akiwa na mawazo yaleyale.

Watafute watu wanne kwanza: aliyelala naye chumba kimoja, mpenzi wake, rafiki wa karibu, na aliyemkuta. Mwenzake wa chumba apewe chumba kingine usiku huo, bila fomu. Mitihani ya wiki hiyo isogezwe kwa kundi hilo. Na mtunza hosteli aliyevunja mlango naye ni mfiwa. Apewe mshauri na siku za kupumzika.

Hatua ya 10: Na wewe

Mhadhiri wa muda ambaye hajalipwa tangu muhula uliopita anaombwa abebe majonzi ya wanafunzi 300. Si haki, na sitajifanya ni haki. Basi weka mipaka: toa nambari ya kazi badala ya ile ya nyumbani, au sema wazi simu yako huzimwa saa tatu usiku na baada ya hapo wapige 1199. Usimkopeshe mwanafunzi pesa zako mara ya pili; mpeleke panapotolewa msaada.

Baada ya mazungumzo mazito, usiingie darasani moja kwa moja ukafundishe takwimu. Tembea kidogo. Mwambie mwenzako mmoja, bila jina la mwanafunzi, kwamba umepata kisa kigumu. Kisha andika tarehe, ulichokiona, ulichofanya na siku utakayomtafuta tena. Karatasi hiyo nyumbani usiende nayo. Ifungie kwenye droo yenye kufuli, na ufunguo ukae nawe.